Pengo la Wasia wa Taisi

Habari ya msiba ilimkuta Nyemo akiwa na ganzi, kwa hiyo haikumfanya kitu.

Mlinzi wa lango alimsogelea polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyevunja chombo cha watu. "Dada Nyemo, wamepiga simu kutoka kwenu Mvumi. Mama hatunaye."

"Ahsante," Nyemo akasema. Kisha akauliza kama maji ya kunywa yameshaletwa.

Mlinzi alimkodolea macho kwanza, halafu akakumbuka anaongea na nani. Akasema yameletwa. Nyemo akanywa, akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akarudi Chumba cha Mwanga.

Haule, msomaji mwenzake, alikuwa ameshakaa upande wake wa ukuta. Ukuta ulikuwa wa mbao, na katikati yake palikuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku mlikuwa na gombo. Asiyejua angelidhani ni kipande cha mkaa. Yalikuwa mafunjo, zile karatasi za kale za matete, yaliyoviringishwa na mtu aliyeishi Misri enzi Kigiriki kilipokuwa lugha ya vitabu huko, yakaungua katika moto usiojulikana, yakazikwa mchangani. Bahari ilipoimeza miji ya mdomo wa Nile, makasha yote ya mafunjo yalipandishwa bara kutafuta hewa kavu. Dodoma ilikuwa na hewa kavu ya kugawa. Wakachonga Kituo ndani ya kilima cha mawe, na tangu hapo watu wa dunia nzima waliotaka kujua wazee wa kale walisema nini walilazimika kujifunza kulitamka jina la Dodoma.

Nyemo akaweka jicho kwenye tundu lake. Haule akaweka lake. Mwanga ukawaka.

Tabaka moja la donge likang'aa, na wino ukainuka juu yake kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kalamu mbili za risasi zikaanza kukwaruza karatasi, moja kila upande. Pumzi chache tu, kisha tabaka likawa majivu. Mwanga uliolifunua ndio uliolila. Ulichosoma umekisoma, ulichokosa kimekwenda na hakirudi.

Wageni waliotembelea Kituo walikuwa na swali moja: kwa nini msipige picha? Wazee kati yao hawakuuliza. Waliukumbuka wakati mashine zilipoanza kujaza mapengo ya maandishi bila kutumwa. Picha za magombo zikajaa herufi ambazo hakuna mnakili aliyeziandika, na hapakuwa na fundi aliyeweza kuonyesha wino unaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Vitabu vya kale vikanenepa. Washairi waliokufa wakatunga upya. Mwishowe wasomi wakakubaliana kwamba picha haitakuwa shahidi tena. Gombo litasomwa na watu wawili, wasioonana na wasiosemezana, kisha maandishi yao yalinganishwe.

Ila jicho la mtu nalo lina njaa yake. Hupenda, na likipenda huona. Hapo ndipo ilipokuja ganzi: kidude kama punje ya uwele, kinapachikwa nyuma ya sikio kabla gombo halijafunguliwa, kinang'olewa likiisha. Akili inabaki. Kigiriki kinabaki. Kumbukumbu zote zinabaki mahali pake, zimepangwa kama vyombo kabatini. Kinacholala ni kutaka. Msomaji mwenye ganzi hataki herufi iwe hii wala iwe ile.

Hataki pia kwenda kumzika mama yake.

*

Kaka yake, Yona, alikuja mwenyewe asubuhi iliyofuata. Walikaa kwenye benchi la wageni, nje ya lango, jua likiwa limeshaanza kuyachoma mawe. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kaburi linalochimbwa.

"Tunazika kesho," akasema. "Nimekuja na pikipiki. Vaa kitu cha heshima twende."

"Siwezi, kaka. Gombo limeshafunguliwa."

"Si walifunge!"

"Halifungiki. Hewa imeshaingia, inalila. Nikitoka leo, itabidi ning'olewe ganzi, na ikishang'olewa hairudishwi mpaka mwaka uzunguke. Ukimpachika mtu mpya, itachukua wiki kadhaa kutulia kichwani. Gombo halina wiki hizo. Na Haule peke yake hahesabiki. Shahidi mmoja si shahidi."

Yona alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa fundi wa waya za mizabibu, mtu wa subira. "Nyemo, mdogo wangu. Unaongea kama unanisomea bei za saruji."

"Najua."

"Unajua! Hata yule mbuzi wa mama Sechelela, aliyekuwa akichapwa na mama kila siku kwa kula majani ya mizabibu, hata yeye amekuja uani amesimama tu. Mbuzi! Wewe unaniambia gombo."

"Nikimaliza nitakuja. Nitang'olewa, nitalia."

"Utalia kwa miadi?"

Nyemo alifikiri kama hilo lilikuwa swali la kujibiwa. "Ndiyo," akasema.

"Na isiporudi? Huyo Haule wako, si ulisema mwenyewe amepachikwa mara nyingi mpaka hajali tena kama imo au haimo?"

"Inatokea. Siyo kwa wote."

Yona akainuka, akajipangusa suruali. "Mimi nilidhani nimefiwa na mmoja," akasema, akaenda kwenye pikipiki yake.

Nyemo aliitazama pikipiki ikishuka mlima mpaka vumbi likatulia. Alijua kwamba alichoambiwa kilikuwa kizito. Alikijua kama mtu anavyojua uzito wa mzigo ulioandikwa ubavuni mwa gunia, bila kulibeba.

Kesho yake, saa watu wa Mvumi walipokuwa wakishusha jeneza, yeye alikuwa na jicho kwenye tundu.

*

Gombo lenyewe lilikuwa Wasia wa Taisi. Taisi alikuwa mwanamke mwenye nyumba na karakana ya kufuma kitani, na siku alipojiona anakufa aliwaita binti zake akawaagiza mambo, moja baada ya jingine, kila agizo likianza na "Binti yangu." Agizo la kitani. Agizo la punda mgonjwa. Agizo la mtumwa anayepaswa kuachwa huru na yule anayepaswa kuangaliwa sana maana ni mwizi wa mafuta. Watu walioupenda Wasia huo waliupenda kwa sababu haukuwa na hekima hata moja. Ulikuwa sauti ya mwanamke mwenye shughuli nyingi ambaye kifo kimemkatiza.

Nakala mbili zilikuwa zinajulikana tangu zamani, na zote mbili zilipasuka mahali pamoja, karibu na mwisho. Ya kwanza ililiwa na wadudu. Ya pili mnakili wake alichoka: jicho lilitoka kwenye "Binti yangu" mmoja kwenda kunywa hewa, likarudi kwenye "Binti yangu" wa mbele, na agizo lililokuwa katikati likatumbukia. Mnakili hakujua. Vizazi na vizazi vya wasomi walijua. Taisi alisema kitu kimoja zaidi kabla ya kuagiza mlango ufungwe, na hakuna aliyekuwa na habari ni kitu gani.

Hili donge la mkaa lilikuwa nakala ya tatu.

Kulinganisha kulifanywa mchana, mlango wazi, mbele ya Bi Tunsume, mlinganishi mkuu. Yeye hakuwa na ganzi. Mlinganishi haruhusiwi kuwa nayo, maana kazi yake ni kushuku, na kushuku kunataka moto. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani ya kamba, na alipenda kutafuna karanga wakati wa kazi. Msomaji mmoja alisoma mstari wake kwa sauti. Mwenzake, kama alikuwa nao vilevile, alijibu "nami." Kama sivyo, alikaa kimya na Bi Tunsume akaacha kutafuna.

"Binti yangu, mafuta ya mtungi wenye ufa yatumike kwanza," Haule akasoma.

"Nami."

"Binti yangu." Haule akanyamaza. "Hapa nina mikwaruzo. Wino upo, herufi hakuna. Nukta ya shaka, nukta, nukta, nukta, mpaka mwisho wa mstari. Halafu: na mlango ufungwe."

Bi Tunsume akaacha kutafuna. "Ndipo penyewe. Nyemo, mwanangu, una nini?"

Nyemo akasoma kilichokuwa kwenye karatasi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, bila nukta hata moja ya shaka. "Binti yangu, usinililie na njaa. Kula kwanza, ndipo ulie. Na mlango ufungwe."

Bi Tunsume akavua miwani. Akaweka kiganja kwenye mdomo, na machozi yakampita kati ya vidole. "Jamani," akasema. "Jamani, Taisi."

Haule alikuwa ameshachukua rula. Alipima upana wa safu, akapima herufi za mistari ya juu na ya chini, akahesabu. "Inaenea," akasema. "Imefunika pengo kama mfuniko na chungu chake." Hakufurahi wala kuhuzunika. Akageuza rula akapima tena. "Inaenea mno."

"Inaenea mno ni nini sasa, Haule?"

"Ulitufundisha wewe, Bi Tunsume. Mnakili akichoka, anaharibu. Maneno yanakuwa magumu, yanakwaruza. Pale yanapoteleza, ujue kuna mtu amepaka mafuta. Wasia mzima hauna sentensi tamu. Hii ni tamu."

"Mtu anakufa! Mwache awe mtamu mara moja!"

"Mimi simkatazi," Haule akasema. "Napima tu."

Bi Tunsume akavaa miwani, akajikaza. Kanuni ilikuwa wazi, na wote watatu waliijua. Msomaji mmoja akiwa na mikwaruzo na mwingine akiwa na maneno, maneno husimama, mradi mwenye nayo akiulizwa ajibu kwamba ameyaona.

"Nyemo. Uliyaona?"

Nyemo akafungua kabati la kumbukumbu zake, likafunguka bila kelele. Tabaka liling'aa. Wino uliinuka. "Binti yangu" aliuona, umekaa sawasawa. Baada ya hapo palikuwa na nini? Alitafuta umbo la herufi, mkunjo, mguu wa herufi uliobaki. Alichokipata ni sauti. Sauti ya mwanamke, iliyochoka kidogo, na chini ya sauti harufu ya mlenda, na sahani ya bati imewekwa sakafuni mbele ya magoti yake mwenyewe, magoti madogo yenye vumbi. Siku baba alipofariki. *Usimlilie baba yako na njaa. Kula kwanza, ndipo ulie.*

Alielewa basi kilichotokea, akakielewa chote kwa mara moja, kama jumla ya hesabu. Ganzi ilikuwa imevuja. Yeye hakuhisi kitu, lakini mkono wake ulifiwa. Mkono ulikuta pengo, ukamweka mama yake ndani.

Akaona pia njia mbili zilivyokaa. Akisema ndiyo, maneno ya mama yake, Mbeleje wa Mvumi, aliyeishi akikata zabibu za watu na kuandika jina lake kwa shida, yangekuwa maneno ya Taisi. Yangetafsiriwa kila lugha. Yangesomwa misibani, yangetiwa kwenye kanga. Mama asingekufa tena, ingawa angeishi kwa jina la mwanamke mwingine, na huyo mwanamke mwingine asingesikika kamwe, maana pengo lake lingekuwa limeshazibwa. Akisema hapana, angekuwa amekiri kwamba ganzi yake ni mbovu. Kila mstari alioandika tangu habari ya msiba ungefutwa. Yeye angetolewa, Haule angebaki shahidi mmoja, na sehemu ya gombo iliyosalia ingekuwa vumbi kabla ya wiki kwisha, haijasomwa na mtu. Wasia wa Taisi uliongojewa hivyo ungeishia kabla hata ya mtungi wenye ufa.

Akangoja aone moyo unaelemea wapi. Haukuelemea popote. Huo ndio uliokuwa ubaya wa kile kidude: kilimwonyesha njia zote mbili kwa uwazi, kisha hakikumsukuma.

Kwa hiyo alijibu kwa kile alichokuwa nacho.

"Niliyasikia," akasema. "Sikuyaona."

Bi Tunsume hakuandika. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. "Mwanangu," akasema taratibu, "umechoka. Umefiwa juzi tu. Mimi sikusikia vizuri ulichosema. Nitakuuliza mara ya pili, na nitaandika jibu la pili. Unanielewa? Wasomi wamengoja tangu babu zao. Mimi mwenyewe nimengoja. Mama yangu alipokufa sikuambiwa neno hata moja, nilikuta kitanda kimetandikwa. Sasa fikiri. Uliyaona?"

"Bi Tunsume," Haule akasema.

"Wewe nyamaza, mti mkavu wewe! Sikukuuliza."

"Andika lile la kwanza, mama," Nyemo akasema. "Ni maneno ya nyumbani kwetu. Taisi hayamhusu."

Bi Tunsume akaandika. Aliandika kwa nguvu mpaka ncha ikatoboa karatasi.

*

Walimng'oa ganzi siku hiyohiyo. Mganga wa Kituo alimsafisha nyuma ya sikio kwa pamba, akamwambia hisia zinaweza kurudi kabla ya chakula cha jioni au zinaweza kurudi mwakani. Hakusema lile jambo la tatu, na Nyemo hakumuuliza.

Kabla ya kuondoka alipita Chumba cha Mwanga. Haule alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mikono mifukoni. Donge lilikuwa limeanza kujikunja lenyewe, magamba yakianguka chini ya kioo bila sauti.

"Ningejua jinsi ya kusikitika," Haule akasema, "leo ningesikitika."

"Nami," Nyemo akajibu, kwa mazoea tu.

*

Mvumi matanga yalikuwa yameanuliwa. Majirani walisharudisha viti vya kanisa na masufuria. Yona alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anakaza waya za mizabibu ambazo mama hakuwahi kuridhika nazo. Alimwona dada yake anakuja, akaendelea kukaza.

"Umekuja kwa miadi yako?"

"Nimekuja. Haijafika bado."

"Karibu, basi. Kaa hapo, usikanyage bomba."

Nyemo akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Mwili wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa. Akamweleza kaka yake yote, kuanzia mwanga hadi kalamu iliyotoboa karatasi, kwa sauti ileile ya bei za saruji, maana hakuwa na nyingine. Alipofika kwenye maneno yenyewe, Yona akasimamisha koleo.

"Rudia."

"Kula kwanza, ndipo ulie."

"Nani alisema hivyo?"

"Mama. Siku baba alipofariki. Aliniwekea sahani, pale karibu na mlango wa jikoni."

"Nyemo. Siku baba alipofariki wewe hukuwepo hapa. Ulikuwa kwa mama mkubwa, Kikombo, una surua. Ulirudishwa baba ameshazikwa, kaburi limeshaota majani. Mimi ndiye niliyekuwepo. Nilikuwa mkubwa, nakumbuka hata shati nililovaa."

"Mama hakusema?"

"Mama alikuwa mtu wa kusema hivyo? Mama yupi?"

Kama mama hakuyasema, basi ile sauti ilikuwa ya nani? Labda aliitunga mwenyewe, palepale, mkono wake ukitafuta mama wa kumlilia. Au labda wino uliinuka kweli. Labda aliyaona, herufi kwa herufi, akayavalisha sauti ya nyumbani kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kuyavalisha, na Taisi alikuwa amesema, baada ya karne zote hizo za kungojewa, na yeye akasimama mbele ya mashahidi akamkana. Jibu lilikuwa ndani ya sanduku la kioo, kijiko kimoja cha majivu.

Kitu kikamshika chini ya mbavu. Kilikuwa kidogo na kibaya. Hakukijua jina.

"Sasa alisema nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Siku ile. Mama alisema nini?"

"Unataka kweli?"

"Niambie."

"Alisema: nani kachukua ungo wangu."

"Nini?"

"Ungo. Watu wameingia na kutoka, wamepika, ungo wake umepotea. Basi hakulia, hakukaa chini. Alizunguka matanga yote, mtu kwa mtu, mchungaji mwenyewe akiulizwa katikati ya sala: baba mchungaji, samahani, hujauona ungo? Wanawake wanamshika, wanamwambia Mbeleje pole, kaa. Anawaambia: poleni nyie, mimi nataka ungo wangu. Msiba umekuja, sawa, msiba ni wa Mungu, lakini ungo nimeununua mimi!"

Sauti ilimtoka Nyemo ghafla, kavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu unapopigwa teke. Ilikuwa kicheko. Kikatoka kingine, kikavuta kingine nyuma yake, akainama kwenye ndoo, mikono tumboni. "Aliupata?"

"Hakuupata! Mpaka wiki iliyopita alikuwa bado anamshuku mama Sechelela. Kitandani pale, hajiwezi, ananiambia Yona, ukienda kwa yule mwanamke, chungulia juu ya dari."

Nyemo akacheka mpaka pumzi ikamwishia, na pumzi iliporudi haikurudi na kicheko. Alishika waya wa mzabibu kwa mikono miwili, ukatetemeka safu nzima mpaka mwisho wa shamba.

Yona akaweka koleo chini. Akaja akakaa kwenye udongo karibu na ndoo, miguu ameinyoosha, akaanza kumtajia watu wote ambao mama aliwahi kuwashuku.